Nyeupe Inakuja

Jina la Mama Pampu lilianza kama kejeli. Mume wake alipofariki na kumwachia kibanda cha kutengeneza baiskeli, watu walidhani atauza spana na kutafuta shughuli nyingine. Hakuuza. Miezi ya mwanzo alijua kazi moja tu, kujaza upepo, na vijana wa pale njia panda walikuwa wakimwimbia kila anapofungua mlango: "Mama Pampu! Mama Pampu!" Sasa imepita miaka kumi na mbili. Ananyoosha rimu iliyopinda mpaka inazunguka bila kuyumba, anaziba tyubu huku anapiga soga, na wale waliomwimbia ndio wanaomletea baiskeli za watoto wao. Kejeli iliisha, jina likabaki.

Kila fundi ana alama yake. Ya Mama Pampu ilikuwa fundo. Chochote alichofunga kwenye baiskeli, kikapu, kengele, taa, alikifunga kwa utepe wa tyubu kuukuu. Anauzungusha mara tatu, anauvuta kwa meno, ncha anaipitisha juu na kuichomeka chini. Fundo hilo alilipa jina, kilemba. "Kilemba changu hakifunguki," alikuwa akijisifu. "Ukikichoka, leta wembe."

Basi mvua zikaanza. Mawingu yakawa yanakaa tangu mchana, na saa kumi na mbili jioni tayari kiza. Watu wakamiminika kibandani kutaka taa za nyuma. Nyekundu zikaisha kwa siku mbili. Muuzaji wa jumla akaleta boksi jingine, na Mama Pampu alipolifungua akakuta zote ni nyeupe, zile za kufunga mbele. Alipopiga simu akaambiwa nyekundu mpaka mwezi ujao.

Jumamosi akaja Mlinzi. Huyu alikuwa mlinzi wa ghala la mbao, mtu mrefu, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika. Kazi yake ilianza usiku, kwa hiyo kila jioni alipanda baiskeli watu wengine wakiwa wanarudi majumbani.

"Mama Pampu, niokoe. Mke wangu ametoa amri. Nisipofunga taa leo, nisirudi."

"Usirudi kazini au nyumbani?"

"Nyumbani! Kazini hata nikifika bila kichwa watanipokea, mradi rungu liwepo."

Mama Pampu akacheka mpaka akaweka spana chini. "Nyekundu zimeisha, kaka yangu. Nina nyeupe tu."

"Kwani gari linachagua rangi? Mimi nataka aliye nyuma yangu anione, basi. Hata ukiwa na ya kijani, funga."

"Tena nyeupe inawaka zaidi," alisema Mama Pampu.

Na alikuwa anaamini hivyo kwa moyo wote. Hakuwahi kushika usukani hata siku moja. Barabara yeye aliijua akiwa amechuchumaa, macho yakiwa usawa wa mnyororo. Akaifunga taa chini ya tandiko, akakaza kilemba, akaiwasha. Mlinzi akarudi nyuma hatua kumi, akakunja uso kama mtu anayetazama jua.

"Aisee! Hii hata ndege itanipisha!"

Akaondoka anapiga kengele. Wenzake walipoiona taa ile inavyong'aa nao wakaja. Kufikia Jumatatu, Mama Pampu alikuwa amefunga taa nyeupe kumi na moja nyuma ya baiskeli kumi na moja, na hakuna aliyeondoka bila kushukuru.

Jumatano jioni, kwenye kona ya barabara ya ghalani, lori la matofali lilimgonga Mlinzi kwa nyuma. Alifia njiani kabla hajafikishwa hospitali. Aliyemnyanyua na kumpakia ndani ya lori alikuwa dereva yule yule aliyemgonga, na dereva huyo alikuwa mdogo wake Mama Pampu, tumbo moja.

Wifi yake ndiye aliyempigia simu, analia mpaka maneno hayashikiki. "Wifi, wamemfunga. Wanasema alilala. Wanasema alikunywa. Taratibu na pombe wapi na wapi?"

Taratibu lilikuwa jina la mdogo wake huko barabarani. Madereva wenzake walimpa kwa kumdhihaki, maana alikuwa anaendesha kama aliyebeba mayai. Watu walisema ukitaka matofali ya leo usimtume Taratibu, yatafika yameshazeeka.

Mama Pampu hakulala. Alimlilia Mlinzi, kisha akamkasirikia mdogo wake, kisha akamlilia na yeye pia. Mama yao alikufa Taratibu akiwa bado ananyonya, na huyu dada ndiye aliyembeba mgongoni. Sasa amemuua mtu. Mtu wa watu, mwenye watoto watatu, aliyekuwa akicheka hapa hapa kibandani Jumamosi.

Asubuhi alibeba mkate na chupa ya chai, akaenda kituo cha polisi. Wakamruhusu aongee naye kwenye benchi la ukumbini, askari amesimama pembeni. Shati la Taratibu lilikuwa na damu iliyokauka kifuani, pale alipomkumbatia yule mtu akimpakia.

"Kula kwanza," Mama Pampu alisema.

"Dada, nilimwona."

"Ulimwona, halafu ukamgonga?"

"Nisikilize basi. Niliona taa. Nyeupe. Nikasema hiyo ni pikipiki inakuja. Pale ni kona, usiku huwezi kujua taa iko upande gani wa barabara mpaka ikukaribie. Nikapunguza mwanga wangu nisimuumize macho. Nikabana pembeni nimpishe." Akasugua viganja kwenye magoti. "Nikaisubiri inipite. Haikunipita."

Mama Pampu alikuwa anamimina chai. Akaacha.

"Nimewaeleza wakacheka," Taratibu aliendelea. "Yule afande mkubwa ameniambia, marehemu alikuwa anakwenda ghalani kama wewe, njia moja. Hiyo taa ya kuja imetoka wapi? Dada, mimi sijalewa. Nyeupe inakuja, nyekundu inakwenda. Hiyo ndiyo alifu ya barabara usiku, hata mtoto wa dereva anaijua. Hata ukisinzia, mkono wenyewe unajua. Labda kweli nimeanza kuwa kichaa."

"Wewe si kichaa," Mama Pampu alisema.

"Basi niliona nini?"

Chupa ilikuwa imekuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ulimi wake ulijua jibu, ukalilalia. Alifunga kizibo, akakikaza, akakikaza tena.

"Kula mkate, mdogo wangu."

Wifi yake alikuwa anamsubiri nje ya mlango, macho yamevimba. Akamvuta kando.

"Wifi, afande anakutafuta. Anataka uikague ile baiskeli, uandikishe ilikuwa na hali gani. Fundi mwingine hakuna hapa." Akashusha sauti. "Anauliza habari ya taa. Wameikuta haina taa. Ukisema haikuwa nayo, nani atabisha? Mtu anatembea gizani bila taa, dereva angemwonaje? Mume wangu atatoka... mdogo wako, nasema. Hata sijui ninaongea nini. Wifi, nakuomba."

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani uani. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekunjika, spoku zimechomoza kama mifupa ya samaki. Afande, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alikuwa na daftari mkononi.

"Najua ni mdogo wako," alisema. "Lakini chuma hakina undugu. Nieleze chuma kinasema nini. Breki?"

"Breki nzima."

"Matairi?"

"Yalikuwa mazima. La nyuma limepasuka kwa kugongwa."

"Taa ya nyuma?"

Mama Pampu akachuchumaa, kama anavyochuchumaa kila siku. Chini ya tandiko kilemba chake kilikuwepo. Baiskeli nzima imevunjika, na chenyewe kimekaza vile vile, kimeshikilia kipande cha plastiki kisichozidi kucha. Taa yenyewe ilikuwa imekatika na kurukia huko porini, mtaroni, Mungu ndiye anajua.

"Na hii raba ni ya nini?" Afande aliuliza juu ya kichwa chake.

"Ya kufungia mizigo," alisema Mama Pampu.

"Na taa?"

"Haikuwa na taa."

Ikawa imetoka. Afande akaandika, akamsomea, akampa kalamu. Alipotia sahihi aliona mafuta meusi ya mnyororo yaliyojificha kwenye kona za kucha zake, yale ambayo hata sabuni ya unga haiyatoi.

Wifi yake alimkumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikamuuma. Mama Pampu alimwacha amkumbatie, mikono yake mwenyewe imening'inia.

Hakufungua kibanda siku hiyo. Alikaa kwa wifi yake, akawafulia watoto nguo, akapika, akaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Jioni mvua ilipopungua akaaga. Alitembea pembeni ya barabara, kanga kichwani, giza linashuka. Kichwani alikuwa anajipangia maneno. Mlinzi ameshakufa, maneno hayamfufui. Taratibu yuko hai. Mtu huokoa anachoweza.

Ndipo mbele yake, kwenye mteremko, akaona taa. Nyeupe, ndogo, kali. Akasogea majanini kuipisha, maana mtu anayekuja kwa kasi kwenye mteremko si wa kumwamini. Akasubiri impite.

Haikumpita. Ilikuwa inazidi kuwa ndogo.

Mama Pampu akasimama pale, maji ya majani yanaingia kwenye viatu. Akafumba macho, akafumbua. Alijua kabisa ile ni taa ya nyuma, alijua ni mkono wake umeifunga, na bado macho yake yalikuwa yanamwambia: inakuja, inakuja, kaa pembeni. Nyuma yake akasikia mngurumo wa gari linapanda.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, kanga ikaanguka, hakuiokota. "Wewe! Wewe mwenye baiskeli! Simama! Shuka!"

Taa ikasita, ikasimama. Alikuwa Mwokaji, yule mnene wa kiwanda cha mikate, anakwenda zamu ya usiku.

"Mama Pampu! Unanikimbilia mimi au mkate?"

"Toka barabarani! Toka!"

Akamvuta mkono na baiskeli yake yote mpaka majanini. Gari likapita, dereva akapiga honi ndefu. Mwokaji akatazama, akaona mwenzake hacheki.

"Kuna nini, mama?"

"Hiyo taa. Naitoa."

"Unaitoa? Umenifungia juzi tu. Nami nimewasifia watu kazini."

"Nyeupe ni ya mbele. Ikikaa nyuma dereva anadhani unakuja, kumbe unakwenda. Anabana pembeni akupishe. Na wewe ndiko uliko."

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka mdomoni mwake, na yalitoka rahisi, kama alikuwa anamweleza mtu namna ya kutia grisi. Uso wa Mwokaji ukabadilika polepole.

"Mlinzi naye alikuwa nayo," alisema. "Alituonyesha."

"Alikuwa nayo."

Mwokaji alitoa wembe mfukoni, ule wa kukatia madonge ya unga, akakata kilemba mwenyewe na kumkabidhi taa. Akasukuma baiskeli kwa miguu, pembeni kabisa, mgongo ameupinda.

Mama Pampu akaenda nyumba kwa nyumba. Hapa akamkuta mtu anatoka, akamrudisha mlangoni. Pale akamkuta mama anamfunga mtoto kwenye keria. Kila mlango aliulizwa kwa nini, na kila mlango alijibu, kwa sababu ukinyamaza mtu atairudisha taa kesho. Wengine walimshukuru. Mmoja alimtazama tu, akafunga mlango. Taa zikawa zinagongana ndani ya mfuko wa plastiki.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mshona Viatu. Alikuwa bado anafanya kazi, amekaa kwenye kigoda, misumari midogo imejaa mdomoni.

"Yangu ipo hapo kwenye droo," alisema akiitema misumari kiganjani. "Niliitoa Jumanne."

"Jumanne?"

"Dereva mmoja alikosa kidogo tu kunisaga. Akashuka akanitukana, akasema nimegeuza baiskeli, taa ya mbele nimeiweka nyuma. Nikafika nyumbani nikaitoa."

Mama Pampu alishika fremu ya mlango. "Jumanne. Mlinzi amekufa Jumatano. Mbona hukuniambia, baba?"

Mshona Viatu akainamisha kichwa, akaanza kuipanga misumari kwa ukubwa wake.

"Nilipita kibandani kwako Jumatano asubuhi," alisema. "Nikakukuta na wateja, wanakusifia hizo taa. Nikaona nitakuaibisha mbele za watu. Nikasema nitakwambia siku nyingine, tukiwa wawili."

Adabu ya dereva, adabu ya mshona viatu. Kila mtu alikuwa amempisha mwenzake.

Ilikuwa imetimia saa mbili usiku aliporudi kituoni. Ukumbini, kwenye lile benchi, alikaa mwanamke aliyejifunika kanga nyeusi, peke yake. Mke wa Mlinzi. Afande alikuwa amesimama mbele yake na daftari, anajitahidi kuwa mpole.

"Mama, fundi mwenyewe ameandikisha. Haikuwa na taa."

"Alikuwa na taa." Sauti yake ilikuwa imekauka, ya mtu aliyerudia jambo moja siku nzima. "Alinizungushia uani mara tatu nimwone. Akaniambia, kuanzia leo usinihofie tena. Nyie mnataka kuniambia mume wangu alikuwa mwongo? Au mimi?"

"Si mwongo," alisema Mama Pampu kutoka mlangoni.

Akauweka mfuko juu ya meza. Taa kumi zikatawanyika. Akasema yote akiwa amesimama, bila kupumzika, kuanzia boksi mpaka droo ya Mshona Viatu, na aliposema "raba ya kufungia mizigo" alirudia, "niliongopa hapo, andika niliongopa," maana Afande alikuwa ameacha kuandika.

Afande akachukua taa moja, akaigeuzageuza. Akamwita askari kijana. "Shika hii. Nenda nayo mpaka mwisho wa uwanja, umeielekeza huku kwetu."

Wakatoka barazani wote, hata mke wa Mlinzi. Uwanja ulikuwa giza tupu. Taa ikawaka katikati, nyeupe, imesimama hewani. Wakaitazama. Ikatikisika kidogo, kama inavyotikisika mikononi mwa mtu anayetembea.

"Inakuja," Afande alisema.

"Nimefika ukutani, afande!" askari akaita kutoka mbali.

Afande akavua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Kesi ya mdogo wako haijaisha," alisema hatimaye. "Mtu amekufa. Na wewe sasa una ya kwako. Umeniandikisha uongo, mama."

"Najua."

"Leo hutarudi nyumbani."

"Najua."

Mke wa Mlinzi alikuwa bado anautazama uwanja. "Kwa hiyo alikuwa nayo," alisema.

"Alikuwa nayo, dada yangu. Nilimfungia mwenyewe."

Mwanamke yule akatikisa kichwa kukubali, mara moja tu. Mama Pampu alingoja atukanwe, apigwe, amwagiwe kilio. Mjane alijifunika tu kanga yake vizuri.

Afande alimwamuru atoe kile kipande kilichobaki kwenye baiskeli, kiwe kielelezo. Wakaenda uani. Mama Pampu akachuchumaa kwenye tandiko, akatafuta ncha ya utepe kwa vidole, akaivuta kwa kucha, akaivuta kwa meno. Kilemba kilikataa. Alikikaza vizuri mno, siku ile, akicheka.

"Nipeni wembe," alisema. "Sioni."

Mwanga ukamwangukia mikononi. Mke wa Mlinzi alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika tochi ya simu. Aliishika imetulia, haikuyumba hata kidogo, mpaka ile raba ilipokatika. Kisha akaizima, akaenda zake kutafuta njia ya kutokea.